PCB, CBG na Karai la Kamongo

Fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano ilikuwa karatasi nene ya manjano iliyofifia. Mwalimu wa taaluma aliileta darasani kwenye bahasha ya kaki, nasi tukajaza kwanza kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, tukaulizana herufi zipi zinampeleka mtu wapi, tukafuta, tukaandika tena, kisha ndipo tukachukua kalamu ya wino huku viganja vinatoka jasho, maana aliyeharibu yake hakupewa nyingine. Herufi zilikwenda tatu tatu, kila moja somo lake: P ya Fizikia, C ya Kemia, B ya Baiolojia, M ya Hesabu, G ya Jiografia. PCM walikuwa wahandisi. PCB walikuwa madaktari, na mama zao walianza kuitwa mama daktari hata kabla mtihani haujafanyika. Sisi wa CBG tuliambiwa tutakuwa walimu au mabwana na mabibi shamba, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku hizi fomu iko kwenye simu. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi, yaani zile herufi tatu tatu, kutoka 16 hadi 65, na waliomaliza kidato cha nne mwaka 2023 wakafunguliwa mfumo wabadilishe walichokuwa wamechagua. Jirani zangu hapa Butimba walikaa barazani na mabinti zao wakibonyeza, wakirudi nyuma, wakibonyeza tena. Niliwaangalia kwa furaha na kwa wivu.

Nililelewa Butimba, kati ya chuo cha ualimu na ziwa, baba yangu akiwa karani, na sauti za utoto wangu ni kwaya za wanachuo wakifanya mazoezi jioni, matarumbeta, ngoma na filimbi ya mwalimu wa michezo, kwa kuwa chuo kile kilisifika kwa muziki na sanaa kuliko kwa darubini. Baiolojia yetu ilikuwa nje. Tulipanda mawe makubwa kuwatazama pimbi wakiota jua, na mijusi dume wenye vichwa vya rangi ya waridi na viwiliwili vya buluu wakisukumana vifua juu ya jiwe la moto, wala hakuna aliyetuambia kwamba jina la kisayansi la mjusi yule, Agama mwanzae, limechukuliwa kwenye mji wetu wenyewe. Jioni tulikula dagaa, na usiku karabai za wavuvi zilitanda ziwani mpaka mgeni akadhani kuna mji ng'ambo ile. Asubuhi tulitumwa mwaloni na kapu kununua furu, samaki wadogo wa bei ndogo, wenye miba mingi, ambao mama aliwakaanga mpaka wakakauka tukawatafuna na vichwa vyao.

Furu ndio nitakaowazungumzia zaidi, lakini kwanza niseme kuhusu karai.

Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa na chumba kirefu kilichoitwa maabara, chenye meza za mninga zilizoungua kwa asidi, harufu ya fomalini iliyokushika kwenye nywele hadi nyumbani, mitungi ya vioo yenye nyoka waliogeuka rangi ya nta, na darubini moja tu, ambayo kioo chake cha chini alikigeuzageuza dirishani kutafuta jua huku darasa zima limepanga foleni ili kila mtu aone kwa jicho moja, kwa nusu dakika, seli za utando wa kitunguu. Vitabu vilikuwa vichache na tulivisoma wanne wanne. Noti zilikuwa za stensili, wino wake unachafua vidole. Lakini siku ya somo la upumuaji mwalimu alikuja na karai la bati lililofunikwa gunia bichi, na ndani yake kamongo mzima, mrefu, mweusi, aliyenunuliwa kwa wavuvi alfajiri. Hakuandika kitu ubaoni. Alituacha tusimame kulizunguka karai mpaka yule kamongo alipopandisha kinywa juu ya maji, akavuta hewa, akashuka. Tukangoja. Akapanda tena. Ndipo mwalimu akauliza, "Kwa nini samaki anahitaji kupanda juu?" na binti mmoja aliyekuwa hajawahi kunyoosha mkono akasema, "Ana mapafu." Nadhani mimi nilichagua Baiolojia dakika ile, hata kama fomu ilikuja baadaye sana.

Fizikia haikunifikia. Shule yetu ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo, na kwa hiyo mlango wa udaktari ulifungwa kwa wengi wetu kabla hatujajua kwamba ni mlango. Mambo hayo hayajabadilika sana: hata leo anayetaka kusomea udaktari wa binadamu lazima afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita, na mwenye CBG, hata awe na alama A katika Baiolojia, hana njia ya moja kwa moja. Kinachonisumbua ni umri wa mtoto anapokata shauri hilo. Marekani, kwa mfano, wanafunzi wengi huingia chuoni, wakachukua kozi za utangulizi za baiolojia pamoja na kemia na hesabu, wakazionja mwaka mzima au zaidi, kisha ndipo wakatangaza kwamba wanataka kubobea katika baiolojia ya seli, au ikolojia, au waachane nayo kabisa. Kwetu utangulizi ni sekondari. Ule mwaka wa kuonja tunauishi tukiwa kidato cha pili na cha tatu, na aliyeonjeshwa kwa karai na aliyeonjeshwa kwa chaki peke yake wanajaza fomu ile ile.

Tulisoma mzunguko wa maisha ya kichocho kwa kuimba: yai, kiluwiluwi cha kwanza, konokono, kiluwiluwi cha pili, ngozi ya binadamu. Tuliimba vizuri sana. Kengele ya mwisho ikilia tulikwenda kuogelea kwenye maji yale yale yenye konokono wale wale, na wengi wetu tulikuwa na kichocho. Utafiti wa magonjwa ulikuwa umeanza Mwanza tangu mwaka 1949, na leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake hapa mjini. Tulikuwa tunaishi ndani ya mtaala bila kuoneshwa hivyo. Siku hizi watoto hunywa dawa za kichocho shuleni. Wanaugua kidogo kuliko sisi. Hilo sitalibadilisha na karai lolote.

Sasa furu. Mwalimu alitumwagia kapu zima mezani akatuambia tuwagawe kwa makundi. Tuliwagawa kwa ukubwa. Akasema bado. Tukawagawa kwa rangi: wenye mgongo mwekundu, wa buluu yenye mistari, wa manjano, weusi. Akasema tuangalie vinywa na meno, na hapo somo likatushinda, kwa kuwa kila tulipodhani tumemaliza tulikuta mwingine asiyefanana na yeyote. Alituambia kwamba pale Nyegezi, mwendo mfupi kutoka kwetu, walikuwapo wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuja mwaka 1977 kufanya kazi hiyo hiyo ya kugawa furu kwa makundi, na kwamba hata wao walikuwa hawajamaliza. Watu wa mwaloni waliwashangaa Wazungu wale wanaonunua furu wasiwale. Mimi niliwaonea gere.

Hawakumaliza, kwa sababu furu ndio walioisha. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alikuwa ameshaongezeka, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 nyavu za Ghuba ya Mwanza zilitoka na yeye zaidi ya kitu kingine. Inakadiriwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu 200 hazikuonekana tena. Mtafiti mmoja wa kundi lile la Leiden, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu kizima kuhusu msiba huo, kikatafsiriwa kwa Kiingereza kwa jina la Darwin's Dreampond. Sisi tuliona tu kwamba kapu la furu limekuwa gumu kupatikana na kwamba kuna samaki mkubwa mwenye mafuta mengi, ambaye mama alimlalamikia kwanza kisha akamzoea. Viwanda vya minofu vikaja, watu wakapata kazi, watoto wakalipiwa ada kwa fedha ya sangara. Baadhi ya waliokwenda vyuo vikuu kusomea baiolojia walisomeshwa na samaki aliyekula somo lao.

Nilikwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa treni, kutoka Mwanza kupitia Tabora, na waranti ya serikali mfukoni, sanduku la bati miguuni, michembe na karanga kwenye mfuko wa kaki, nikiwa tayari nimetumikia Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mzima. Kila kitu kililipwa: masomo, chumba, chakula. Uchaguzi ulikuwa mdogo vivyo hivyo. Kulikuwa na botania na kulikuwa na zoolojia, na kulikuwa na ualimu wa sayansi uliochukua wengi wetu, na nchi ilikuwa imeshahesabu inahitaji walimu wangapi kabla hatujashuka kituoni. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kila kitu: seli, urithi, wanyama wasio na uti wa mgongo, mimea isiyotoa maua, takwimu, na Stadi za Maendeleo zilizotukusanya na watu wa sheria na uchumi kwenye ukumbi mmoja wenye joto. Tulinung'unika. Lakini aliyekuja kwa ajili ya wanyama aligundua kuvu, na aliyedhani anachukia mimea alijikuta anapanda milima ya Uluguru na begi la kukaushia majani, na mgawanyo mpana ule wa mwaka wa kwanza ndio ulionionyesha kwamba baiolojia haina vyumba viwili tu.

Leo vyumba ni vingi. Mlimani peke yake kuna baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, mikrobiolojia, uhifadhi wa wanyamapori, sayansi ya maji na uvuvi. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wanyamapori, misitu, mifugo, maabara. Hapa hapa Mwanza, Bugando, kuna udaktari, ufamasia na sayansi za maabara ya tiba, mambo ambayo enzi zetu yalimaanisha kwenda Dar es Salaam. Mtoto wa Butimba anaweza kuwa daktari bila kupanda treni. Wasichana wamejaa madarasa ya PCB. Vitabu ambavyo tulivigawana wanne, kile cha Green, Stout na Taylor na kile cha Roberts, vimo kwenye simu ya kila mwenye bando. Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia, na ingawa tarehe ya mwisho ilisogezwa na wazazi walichangishwa mpaka wakachoka, kuta zilisimama. Nimeingia kwenye baadhi yake. Nyingine zina darubini kumi. Nyingine zina magunia ya mahindi.

Ninachokiona kimepungua ni muda wa kuonja. Watoto hunijia na maswali mazuri, lakini karibu yote yanaanzia mwisho: shangazi, ipi ina ajira, ipi bodi ya mikopo inaipa kipaumbele, ipi inaingia kwenye ufadhili wa Samia kama nikipata daraja la kwanza la juu? Siwalaumu. Wamewaona kaka zao wenye shahada za sayansi wakiendesha bodaboda stendi ya Nyegezi. Wamesikia pia habari ya mwaka 2016, vijana zaidi ya 7,000 waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, waliochagua njia hiyo kwa sababu waliambiwa nchi inawahitaji haraka, wakarudishwa nyumbani mwezi Mei na mabegi yao, kisha wengi wakagawanywa kwenye vyuo vya ualimu. Aliyeona hayo hawezi kuchagua kwa karai tu. Anauliza soko, na ana haki.

Lakini soko halisemi yote. Huwa nawaeleza kwa upole kwamba CBG si kombi ya walioshindwa, kwamba Hesabu ya nyongeza, BAM, wanayoikwepa watakutana nayo tena kwenye takwimu za mwaka wa kwanza na hapo haikwepeki, kwamba Kemia ndiyo inayoamua nani ataendelea na baiolojia ya sasa kuliko Baiolojia yenyewe, na kwamba wasiangalie jina la shahada bila kusoma masomo ya mwaka wa kwanza yameorodheshwa vipi, kwa sababu shahada mbili zenye majina ya kuvutia zinaweza kuwa na mwaka wa kwanza ule ule, na mbili zinazofanana majina zikawa mbali kabisa. Wananisikiliza. Kisha wanarudi steshenari ya kona, ambako kijana mwenye kompyuta huwajazia maombi, na mara nyingine ushauri wake ndio unaoshinda, kwa kuwa yeye ndiye anayebonyeza.

Kuna jambo moja nalionyesha kwa kila anayenijia. Ni ukurasa wa Campbell Biology, kitabu ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza Marekani na kwingineko hutumia katika kozi zao za utangulizi. Kwenye sura ya jinsi aina mpya za viumbe zinavyotokea wapo furu wawili: Pundamilia pundamilia, dume wake wa buluu, na Pundamilia nyererei, dume wake mwekundu mgongoni, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ni wa Ziwa Victoria, na Ghuba ya Mwanza ndiko walikochunguzwa sana. Majike huchagua dume kwa rangi. Ukiwaweka chini ya mwanga wa rangi ya machungwa unaoficha tofauti ya rangi, wanachanganyikiwa na kuchagua yeyote. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha katika jarida la Science kwamba hilo hilo linatokea ziwani maji yanapochafuka kwa mbolea, majitaka na udongo: mwanga unapungua, rangi hazionekani, na aina mbili zinarudi kuwa moja.

Kijana wa Chicago anaujua mgongo mwekundu wa yule furu kabla hajachagua baiolojia. Mtoto wa Butimba anachagua bila kumjua. Anaweza kukueleza ndege wa Galapagos na nzi wa matunda, kwa mpangilio mzuri, na akapata alama zote. Nilipowaonyesha ukurasa ule mwaka jana, mvulana mmoja wa kidato cha tatu alichukua simu, akakuza picha kwa vidole viwili, akasema, "Huyu babu anamtumia kama chambo." Ni kweli. Furu wa aina kadhaa wamerudi tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana, ingawa si wote na si wale wale. Simu ile ile ndiyo iliyomkutanisha na samaki wa babu yake. Noti za stensili zisingeweza.

Binti wa wifi yangu alimaliza kidato cha sita mwaka huo, PCB, akafaulu vizuri. Maombi siku hizi hupelekwa chuo kimoja kimoja, na mwenye bahati hupata zaidi ya kimoja, kisha hutumiwa namba kwenye simu athibitishe anakokwenda. Yeye alipata viwili: udaktari hapa Bugando, na sayansi ya maji na uvuvi Mlimani. Mama yake alinipigia usiku. "Wifi, zungumza na mtoto, anataka kwenda kusomea samaki. Samaki! Hapa kila mtu anajua samaki." Nilimwambia sitamchagulia mtu, ila aje.

Alikuja, akaamkia, akakaa. Tulizungumza saa nyingi kuhusu mwaka wa kwanza wa huku na wa kule: maiti na mifupa na baiokemia upande mmoja, plankitoni na takwimu na safari za boti upande wa pili. Aliniuliza, kama furu wamerudi, nani anawahesabu sasa. Nikamtajia TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Nyegezi, nikamwambia pia kwamba kutambua furu kwa meno na kwa rangi ni ujuzi wa miaka, na kwamba wengi waliokuwa nao enzi zile wamestaafu au wamefariki, Frans Witte akiwa mmoja wao. Alinyamaza, kisha akauliza mkopo ukoje kwa kila upande. Nikamjibu nilivyojua.

Amethibitisha udaktari. Nimefurahi kweli; familia yetu haijawahi kuwa na daktari, na yeye ameshasema anataka kushughulikia kichocho vijiji vya visiwani. Nafasi aliyoiacha Mlimani itakuwa imechukuliwa na mtu mwingine, huenda ametoka Iringa au Singida, hajawahi kutumwa mwaloni na kapu. Akija Nyegezi kwa mafunzo ya vitendo nitamtafuta, nimpeleke kwa wavuvi wenye chambo.